Kofia Ngumu Ndiyo Kinga ya Mwisho

Kwenye saiti moja ya ghorofa karibu na ninapoishi, kofia ngumu zinaning'inia kwenye misumari getini. Nimezihesabu mara nyingi nikipita asubuhi: ni sita. Mafundi na vibarua walioko juu ya jengo hawapungui ishirini. Siku moja nikamuuliza mlinzi kofia zile ni za nani. Akacheka. "Hizo za wageni, mzee. Na za siku wakija wakaguzi."

Vijana wa juu sikuwalaumu sana, na sababu yake nitaieleza. Lakini jibu la mlinzi linaonyesha tunavyolichukulia suala zima la usalama kazini. Kwetu usalama ni kofia, buti, kizibao cha kung'aa na bango la "Usalama Kwanza" lililopigiliwa kwenye mabati ya uzio. Mtu akianguka tunauliza: alivaa mkanda? Hakuvaa. Basi, ni uzembe wake. Na msibani tunafunga mjadala kwa msemo wa wazee kwamba ajali haina kinga, ingawa stoo ya saiti hiyo hiyo ina boksi lililoandikwa "vifaa kinga".

Watu wa fani hii Tanzania wana neno zuri, kihatarishi. Maana yake ni kitu au hali yenye uwezo wa kudhuru, hata kama bado haijamdhuru mtu. Nondo zilizoachwa wima zikisubiri nguzo iendelee ni kihatarishi tangu siku zilipofungwa. Uwezekano wa kukudhuru ni jambo jingine, nao hutegemea nani anapita pale, mara ngapi, na juu yake kuna nini. Nondo hizo zikiwa kwenye kona asikopita mtu, uwezekano ni mdogo. Zikiwa chini ya jukwaa la wapiga lipu, anayeteleza kutoka mita mbili, ambaye pengine angeinuka na mkono uliovunjika, anachomwa. Kuzikunja ncha au kuzivika vifuniko ni kazi ya dakika chache, na inamlinda hata yule fundi asiyesikia la mtu.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya fani hii. Kinga zina ngazi, na zinapangwa kwa swali moja: ni ipi itafanya kazi hata siku ambayo mtu amechoka, ana njaa, anawahi, au ameanza kazi asubuhi hiyo hiyo? Ya kwanza ni kukiondoa kihatarishi chenyewe. Ukishindwa, badilisha njia au kifaa. Ukishindwa tena, weka kizuizi kati ya mtu na hatari. Baada ya hapo ndipo zinakuja taratibu, mafunzo na mabango, kwa sababu zote hizo zinategemea mtu kukumbuka. Vifaa kinga vinakaa mwisho kabisa. Kofia haipunguzi hata tofali moja kati ya yanayoweza kuanguka, na nyuma yake hakuna kinga nyingine. Saiti zetu nyingi zimeipindua ngazi hii: zinaanza na kofia na kuishia na kofia.

Tuchukue kuanguka kutoka juu, kihatarishi kikuu cha ujenzi katika nchi nyingi. Anayeanguka kutoka mita tatu, urefu wa ghorofa moja, anafika chini kwa chini ya sekunde moja, akiwa na mwendo wa karibu kilomita 28 kwa saa. Hana muda wa kudaka kitu. Jibu la kawaida ni kumpa mkanda. Fundi mmoja niliyezungumza naye alinijibu kwa swali: "Niufunge wapi, kaka?" Alikuwa na haki. Jukwaa lake lilikuwa la mirunda iliyopigiliwa misumari, na hakukuwa na nguzo hata moja ya kubeba mshtuko wa mtu mzima anayedondoka. Ukiufunga mkanda kwenye mrunda uliooza, unashuka na mrunda wako.

Ndiyo maana swali la kwanza ni kama kazi lazima ifanyike juu. Fremu za nondo za boriti zinaweza kusukwa chini kisha zikapandishwa na winchi, na saa kadhaa za kusimama ukingoni zinafutika. Kinachobaki juu kinahitaji reli: upau usawa wa kiuno, mwingine katikati, na ubao ukingoni chini ili nyundo na vipande vya tofali visiteleze kuwaangukia walio chini. Reli haimuulizi mtu kama amekumbuka kuivaa. Ngazi ya kuegemea nayo ina kipimo chake ambacho fundi yeyote anaweza kukikariri: kwa kila mita nne za kupanda, sogeza kitako chake mita moja kutoka ukutani, na acha kama mita moja izidi pale unaposhukia, upate pa kushika.

Kuna mtego mmoja wa juu ambao hauonekani kabisa kama mtego, nao ni tundu la sakafu lililofunikwa kwa ubao usiopigiliwa. Mtu anauona ubao umelala, anauhitaji kwingine, anauinua mbele yake kwa mikono miwili na kupiga hatua moja kwenda mbele. Tundu liko pale pale alipokanyaga, na ubao wenyewe ndio unaomzuia kuliona. Upigilie misumari na uandike juu yake kwa rangi: SHIMO.

Chini ya ardhi mambo ni mabaya zaidi, na kwa bahati mbaya tunakuogopa chini kuliko juu pale tu panapokuwa na giza. Mtaro wa mita mbili mchana kweupe hautishi mtu. Lakini mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu hivi, kama gari dogo. Ukimfikia mtu kifuani, kila anapotoa pumzi udongo unajaza nafasi iliyoachwa, na pumzi inayofuata haina pa kuingia. Anaweza kufa kichwa kikiwa nje, wenzake wakimtazama. Kanuni za Marekani zinataka kingo za mtaro zilazwe, ziegemezwe au ziwekewe kinga ukifika kama mita 1.5, na udongo uliochimbwa ukae angalau sentimita 60 kutoka ukingoni. Kwetu udongo unarundikwa ukingoni kabisa kwa sababu ndipo beleshi linapofika, na mvua ikinyesha usiku, asubuhi kazi inaendelea kama kawaida.

Sasa mashimo ya choo na visima. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mahali ambapo huruma inaua.

Habari zake karibu zote zina umbo moja. Mtu mmoja anashuka kwenye kisima, karo au chemba, kuchimba, kusafisha au kutoa ndoo iliyodondoka. Haitikii. Mwenzake anashuka kumwokoa. Haitikii. Anashuka ndugu, kisha jirani. Jioni kuna maiti tatu au nne, na mtaa unasema shimo lina jini, au kuna mtu katega kitu. Mwaka 1986 NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ilieleza kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa kwenye maeneo ya aina hiyo walikuwa watu walioingia kuokoa. Majini ya huko nayo, basi, yanapenda waokoaji.

Kinachoua ni hewa. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Ikishuka chini ya asilimia 10 mtu anaweza kuzimia bila onyo, na karibu na asilimia 6 anakufa ndani ya dakika chache. Kwenye kisima kirefu oksijeni inaweza kuliwa na uozo au kusukumwa nje na gesi nzito zinazotulia chini. Kwenye karo la choo kuna haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Watu wanaitegemea harufu kama onyo, lakini gesi hiyo ikiwa nyingi inalemaza uwezo wa pua kunusa. Harufu inapotea, aliye ndani anadhani hewa imesafika, kumbe ndipo imezidi. Hatari ya tatu tunaishusha wenyewe: pampu ya petroli inayoteremshwa kisimani kutoa maji ili uchimbaji uendelee. Moshi wake una kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na kisima hakina dirisha.

Mafundi visima wengi wana kipimo chao cha jadi: kushusha mshumaa au koroboi inayowaka. Ikizimika, usishuke. Sikidharau, maana kimeokoa watu. Shida yake ni kile ambacho hakikionyeshi. Mshumaa huzimika oksijeni ikikaribia asilimia 16, basi ukizimika kweli pana hatari. Lakini unaweza kuwaka vizuri kabisa mahali penye kaboni monoksaidi ya kutosha kuua. Na kwenye shimo la choo lenye methani, gesi inayoshika moto, mshumaa hauwi kipimo tena, unakuwa kiberiti. Kifaa cha kupimia gesi kipo, ni kidogo kama redio ya mkononi, na kampuni inayosafisha chemba kila wiki haina kisingizio cha kukikosa.

Kinga ya juu hapa ni rahisi kuitaja: asiingie mtu. Gari la kunyonya, au pale lisipofika, pampu ya mkono inayovuta kinyesi huku mwendeshaji akiwa juu, inaondoa sababu ya kushuka. Dar es Salaam kuna watu wanaopakua vyoo kwa kuingia shimoni na ndoo, mtaani wakiitwa vyura, na wengi wao wanalipwa na wenye nyumba ambao wangeweza kuchangishana gari. Pampu ya kisima iwe ya umeme, ile inayozama majini. Ikiwa ni lazima iwe ya petroli, injini ikae juu na mbali, moshi uelekee upepo unakokwenda. Ikibidi mtu ashuke, hewa safi isukumwe hadi chini kwa feni na bomba kabla hajashuka na muda wote akiwa ndani. Machimbo ya tanzanite ya Mererani yana somo lake chungu: Juni 2002, mashine ya kusukuma hewa ilipoacha kufanya kazi, wachimbaji zaidi ya 30 walikufa kwa kukosa hewa.

Na kamba ifungwe mwilini mwa anayeshuka kabla hajashuka, ipite kwenye kapi iliyoning'inizwa kwenye miti mitatu juu ya mdomo wa shimo. Akinyamaza, anavutwa. Bila kamba na kapi, waliobaki juu wana jambo moja tu la kufanya, na ndilo gumu kuliko yote: kutoshuka. Piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na umshike ndugu wa aliyeko chini, kwa nguvu ikibidi. Ukatili huu nausema nikijua kwamba mwenyewe, ingekuwa ni mdogo wangu, pengine ningehitaji kushikwa na watu watatu.

Umeme hauhitaji maneno mengi isipokuwa kwa kosa moja. Watu wanaamini breka ya ukutani inamlinda mtu. Breka inalinda waya usiungue. Ya ampea 16 haitashtuka mpaka umeme mwingi upite, wakati moyo unaweza kuvurugwa na sehemu ndogo sana ya ampea moja. Balbu ya wati 60 kwenye umeme wetu wa volti 230 hutumia milliampea 260 hivi, karibu robo ya ampea moja: inatosha kuua, na breka haitikisiki. Kifaa kinachomlinda mtu ni kile kinachokata umeme ukivuja milliampea 30 tu, na mafundi umeme wanakifahamu. Kiwe kwenye boksi la saiti, na vioja vingi vya nyaya zilizochomekwa kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti haviishii makaburini. Nyingine ni laini za msongo mkubwa zinazopita jirani na jengo. Nondo ya mita 12 inayopandishwa kwa mkono inazifikia kabla aliyeishika hajazikumbuka, na msongo wa kilovolti 33 hausubiri hata kuguswa, ukikaribiwa unaruka.

Vihatarishi hivyo vyote vina kelele, na kesho yake vina matanga. Vingine haviandikwi popote kwa sababu vinachukua muda. Saruji mbichi ni kama magadi makali. Ikiingia ndani ya buti, kijana anaendelea kumwaga zege hadi jioni bila maumivu makubwa, usiku ndipo anagundua ngozi ya vifundo imeliwa. Anasema saruji imemla, na kesho anarudi na soksi mbili. Maji safi ya kunawa papo hapo, na buti ndefu isiyoingiza zege kwa juu, vingemaliza habari hiyo.

Halafu vumbi. Ukikata tarazo, zege au jiwe kwa grainda kavu, lile wingu jeupe unaloliona ndilo lenye nafuu. Linalodhuru ni lile laini zaidi lisiloonekana, linalopita pua na koo na kutua ndani ya mapafu. Likiwa na silika, madini ya fuwele yaliyomo kwenye mchanga na mawe mengi, mapafu yanaweka makovu kulizunguka, makovu yasiyofutika hata ukiacha kazi. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na humfungulia mlango kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto mkoani Kilimanjaro, inayojulikana kwa kutibu kifua kikuu, inawafahamu vizuri wachimbaji wa Mererani. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka silika ya aina hiyo kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kijana wa grainda anajifunga kitambaa usoni. Kitambaa kinazuia wingu jeupe na kupitisha lile laini, yaani kinamwondolea kikohozi cha leo na kumwachia ugonjwa wa miaka kumi ijayo. Kinga yake ni maji: mrija unaodondoshea diski wakati wa kukata, vumbi linakuwa tope na tope halivutwi puani. Lakini grainda ya mkono ya kawaida haikutengenezwa kulowanishwa, ukiimwagia maji unahamisha hatari kutoka mapafuni kwenda kwenye umeme. Inatakiwa mashine iliyoundwa kukata kwa maji, na hiyo ina bei, na anayeshika pesa si yule anayevuta vumbi.

Sheria yetu inalijua hilo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya 2003 ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda ya 1950, na jina lenyewe linaonyesha kilichobadilika: ya zamani ilitazama kiwanda, ya sasa inatazama mahali pa kazi, shamba na saiti vikiwemo. Inasimamiwa na wakala tunaouita OSHA, na jukumu la kwanza imemwekea mwajiri. Kenya ilipata ya kwake mwaka 2007. Juni 2022, Geneva, nchi wanachama wa Shirika la Kazi Duniani ziliingiza mazingira salama ya kazi kwenye haki za msingi kazini, safu moja na kukataza kazi za kulazimishwa. Tanzania tuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Mchango wake ni wa mwajiri peke yake, kwa hiyo ukiona makato yake kwenye mshahara wako, uliza.

Lakini kibarua anayelipwa kwa siku, aliyeokotwa kijiweni saa kumi na mbili asubuhi, yuko mbali sana na karatasi hizo. Analipwa kwa kipande: idadi ya matofali, mita za lipu. Kila dakika ya kufunga reli ni dakika ambayo halipwi. Ndiyo sababu sikuwalaumu wale vijana. Unaposikia "ukivaa mkanda kazi haiendi," usikie hesabu ya mfukoni ndani yake. Mkataba ukiwa na fungu la jukwaa na reli kabla ya fungu la tofali, watu walewale mnaowaita wazembe wanafunga reli, kwa kuwa kuifunga nako ni kazi inayolipwa. Jengo la ghorofa 16 lililoanguka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, tarehe 29 Machi 2013, liliua watu 36. Lile la Kariakoo la 16 Novemba 2024 liliwakuta ndani wafanyabiashara na wateja wao. Hakuna kofia ya kuvaliwa dhidi ya ghorofa zima. Maamuzi ya namna hiyo hupita ofisini na kwenye michoro muda mrefu kabla ya kufika kwa mtu mwenye karai kichwani.

Kitu kimoja saiti yoyote inaweza kuanza nacho bila kununua chochote ni kuhesabu nusura, yaani ajali zilizomkosa mtu kwa bahati tu. Tofali lililodondoka bila kumpiga mtu kwa kawaida linachekwa, "leo ungekuwa marehemu, dogo," na kazi inaendelea. Lakini kilicholidondosha ni kilekile kitakacholidondosha siku nyingine, tofauti ni nani atakuwa chini. Liandikwe kwenye daftari, na kabla ya saa ya chai fomeni aende kuangalia limetoka wapi.

Wiki mbili zilizopita kipande cha tofali kilianguka kutoka ile saiti ya jirani na kutua hatua mbili kutoka benchi la mama lishe, ambaye alikuwa akiwapakulia mafundi wali maharage. Walicheka, akacheka nao. Kesho yake nilipopita, kofia sita zilikuwa kwenye misumari yake, mafundi walikuwa juu, ukingo wa ghorofa ulikuwa wazi kama jana. Benchi lilikuwa limehamia ng'ambo ya barabara, pamoja na sufuria, majiko na bati la kivuli. Aliyetaka kula sasa alivuka.